Mwaka Niliolainisha Maji

Jeneza lilikuwa bado ukumbini, nasi wanawake tumebanana chumba cha ndani nyuma ya pazia la maua, pale mtoto mkubwa wa marehemu aliposimama akauliza lile swali ambalo kwetu huulizwa kabla maiti hajatolewa nyumbani. "Jamaa zangu, kama yupo ambaye baba alimkosea, kwa neno au kwa mkono, aseme sasa, au amsamehe." Sauti za wanaume zikajibu kwa pamoja, "Tumemsamehe, Mungu amsamehe," na wanawake wakaitikia kwa sauti ya chini, mmoja mmoja. Mimi sikuwa na la kusamehe. Marehemu Tamimu hakunikosea lolote. Mimi ndiye niliyemkosea, na sijui desturi yoyote, si ya hapa Andoany kisiwani Nosy Be, si ya Mahajanga, si ya Ngazija, inayomsimamisha mtu mbele ya jeneza aulize ni nani aliyemkosea huyu aliyelala. Wakamwinua. Nikazisikia nyayo zao zikishuka ngazi za mawe, kisha nyumba ikabaki na kilio cha wanawake na harufu ya udi, nami nimekaa kwenye mkeka na miaka yangu sabini na tisa, nikiufikiria mwaka mmoja tu.

Wanaonijua wanajua sina haya ya kujisifu. Habari za wazazi na ukoo wangu naziacha, maana si wao walionipa diploma. Nilikwenda Marsei, Ufaransa, na sanduku moja la bati, nikafua mashuka ya watu miaka miwili ili nilipe masomo, nikasoma kemia ya maji, na katika darasa la watu ishirini na sita nilitoka wa tatu. Baadaye nilifanya kazi Tanga miaka kumi na tisa, ndiko nilikokipata Kiswahili hiki ninachoandikia, kwa sababu wajukuu zangu wanakisoma. Ila maneno ya watu wa kisa hiki yalisemwa kwa Kimalagasi, Kingazija na Kifaransa. Nilirudi nikafungua maabara yangu mwenyewe, na hakuna kisima kikubwa kilichochimbwa upande ule wa kaskazini-magharibi ambacho maji yake hayakupita mikononi mwangu. Yote hayo ni kweli na sitapunguza hata moja. Lakini yote yalianzia kwenye kiti kimoja, na habari ya jinsi nilivyokipata kile kiti sijawahi kumsimulia mtu.

Kutoka Marsei nilirudi Mahajanga mwaka wa tatu wa uhuru wa nchi yetu. Bendera ilikuwa bado mpya, watu wakiitazama kila walipopita, lakini kwenye kiwanda cha sabuni nilikoajiriwa kila mlango wenye kibao ulikuwa na mzungu nyuma yake. Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya upande mmoja, meza ya vigae vyeupe, na joto la kupikia mkate, kwa kuwa boila ilikuwa nyuma ya ukuta. Kazi yangu ilikuwa kupima maji ya ile boila. Maji ya bomba ya Mahajanga ni magumu, yamejaa chokaa. Ukiyachemsha mwezi mmoja birika linavaa gamba jeupe ndani, chai inakaa na utando juu, na maharage yanagoma kuiva. Boila nayo ikivaa gamba hilo inaweza kupasuka. Kwa hiyo tulikuwa na mashine ya kulainisha maji, mtungi wa chuma mrefu kuliko mtu, uliojaa punje za rangi ya asali. Maji yakipita katikati ya zile punje, chokaa inanasa humo, na mara kwa mara tunaziosha kwa maji ya chumvi ili zipate nguvu tena.

Mwosha chupa wa maabara alikuwa Tamimu, kijana wa Andoany, mwembamba, mwenye koti la buluu lililoshonwa viraka vya buluu nyingine. Alinizidi miaka minne lakini aliniita dada, au, siku nikizidisha maringo, "Madamu Diploma." Yeye na watu wa boila hawakunywa chai ya maji ya bomba. Walifunga kitambaa kwenye kiungo cha bomba la mvuke lililokuwa likivuja, wakatega chungu chini, na yale matone ya mvuke uliopoa ndiyo waliyopikia chai. Ilikuwa nyekundu na safi, huoni utando. Niliinywa kila siku saa nne, na siku zote nilimwambia kwamba yale ni maji yaliyokenekwa, nikamweleza kwa nini. Naye alinijibu, "Sisi tunayaita maji ya chai."

Mkurugenzi, ambaye sote tulimwita Mesie, alikuwa na tangi la kioo kwenye chumba chake cha kungojea wageni. Humo alifuga samaki kumi na mmoja, wadogo kama kidole, wa manjano, kila gamba na nukta inayong'aa. Walitoka kwenye ziwa moja la juu ya mlima kule Nosy Be, ambalo maji yake ni mvua tupu iliyokaa ndani ya jiwe, laini kuliko maji yoyote niliyowahi kupima. Kila mwezi meli ilimletea maji ya ziwa hilohilo katika chupa kubwa zilizovikwa vikapu. Mwezi wa Julai akajiandaa kwenda likizo mlimani, na siku hiyohiyo ikaja habari kwamba ile meli imeharibika mtambo. Akaniita. Alikuwa amesimama mbele ya tangi, hakunitazama usoni.

"Madmazeli, wewe una diploma ya maji."

"Ndiyo, Mesie."

"Mkuu wa maabara anaondoka Desemba. Kuna kijana wa kwetu ameniandikia barua, anaitaka nafasi hiyo. Sijamjibu bado." Akagonga kioo kwa ukucha, samaki wakatawanyika. "Badilisha sehemu ya maji kila Jumamosi. Nikirudi nikiwakuta kumi na mmoja, nitamjibu kwamba nafasi imejaa."

Nilitoka pale nikihesabu kwa vidole miezi hadi Desemba. Mkuu wa maabara! Hapajakuwa na mtu wetu aliyekalia kiti kile, sembuse mwanamke. Niliona jambo lenyewe ni jepesi mno: maji magumu, mashine ya kulainisha, basi. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Tsaramandroso kwa bibi mmoja wa Kingazija ambaye mtaa mzima ulimwita Koko, maana yake nyanya, na adhuhuri ile aliniandalia wali na mataba, yale majani ya muhogo ya nazi, nikala bila kuhisi ladha kwa furaha. Ukuta wa ua wetu ulikuwa wa mabati, na majirani wawili walikuwa wakipepeta mchele upande wa pili.

"Huyu wa Koko kasomea nini hasa huko Ufaransa?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Hayahaya ya kunywa. Miaka minne."

"Basi na mimi nikasomee kupumua."

Koko alicheka hadi akajiegemeza kwenye kinu. Mimi sikucheka. Nilijiambia, Desemba mtaniita jina lingine.

Jumamosi ya kwanza na ya pili nilitumia chupa za mwisho za maji ya ziwa. Ya tatu chupa zilikuwa tupu, na tangi limeanza kuwa kijani. Nikajaza ndoo kwenye mashine. Kipimo chetu kilikuwa cha sabuni: unatia maji kwenye kichupa, unadondosha maji ya sabuni tone kwa tone, unatikisa, mpaka povu lisimame. Maji ya bomba yalikula matone mengi, kwa kuwa chokaa huua povu. Maji ya mashine, matone mawili tu, povu likasimama kama la kinyozi. Nikampa Tamimu kile kichupa akitazame. Yeye akachota kutoka kwenye ndoo kwa kiganja, akaonja.

"Dada Sitti, maji haya hayafai hata chai."

"Kwa nini?"

"Yana ladha. Kama mtu amelilia ndani yake."

"Wewe ni samaki?"

"Bado," akasema. "Lakini ningekuwa samaki, ningeomba yale ya bomba la mvuke. Yapo, nimeyakinga."

Watu wawili wa boila walikuwa mlangoni wakisikiliza, na mmoja akacheka. Labda bila kicheko kile ningefikiri kidogo. Nikamwambia Tamimu kwamba diploma yangu haikutiwa sahihi na mpika chai, nikainua ndoo mwenyewe, na badala ya kubadilisha sehemu ndogo kama nilivyoagizwa, nikatoa maji karibu yote ili tangi ling'ae. Liling'aa kweli. Nilifunga mlango wa Mesie kwa ufunguo alioniachia, nikaenda nyumbani.

Jumapili Koko alitaka nimpeleke Katsepy, ng'ambo ya ghuba, kumtazama dada yake aliyekuwa mgonjwa. Kwenye kivuko nilimsimulia habari ya samaki. "Wanaliwa?" akauliza. La, Koko, ni wa kutazama tu. "Wa kutazama tu!" akasema. "Hao watu wana shibe." Tulishinda huko, tukala muhogo na pweza, na saa tisa tukapanda kivuko kurudi. Upepo ulikuwa mkali, mawimbi yakipiga ubavu na kuturushia maji usoni. Nikajilamba midomo. Ladha ya chumvi ilipogusa ulimi nikamsikia Tamimu: kama mtu amelilia ndani yake. Nikasimama wima katikati ya abiria. Ile mashine haiondoi kitu na kuacha maji matupu. Inabadilisha. Inachukua chokaa, inarudisha kilichomo ndani ya chumvi, kipimo kwa kipimo. Boila haijali, wala povu la sabuni halijali. Lakini kiumbe aliyezaliwa ndani ya mvua, ukimtia ghafla humo, hana njia. Jambo hilo nililiandika kwenye mtihani. Nilipata alama zote.

"Kaa chini, mwanangu, utatuangusha," Koko akanivuta nguo. Sikuweza kukaa. Mji ulikuwa mbele yetu, nauona kabisa, na kivuko hakisogei. Tulipofika bandarini nilimwacha Koko na kapu lake nikaenda kiwandani kwa miguu, viatu mkononi. Mlinzi hakunifungulia. Ufunguo wa chumba ninao, nikamwonyesha, lakini wa lango la Jumapili alikuwa nao msimamizi, naye amekwenda harusini hajulikani wapi. Nilimwomba, nikamtukana, nikamwomba tena. "Madamu," akasema, "kwani kuna moto?"

Jumatatu nilikuwa langoni kabla ya king'ora. Tamimu alikuwa amefika tayari, na mikononi ana chungu cha watu wa boila kimefunikwa kwa sahani. Tulipofungua, watano walikuwa wakielea ubavu, manjano yao yamekuwa rangi ya karatasi kuukuu. Sita walikuwa juu kabisa, vinywa nje ya maji, matamvua yakifunguka na kufunga haraka haraka. Tamimu akainua chungu amimine. Nikamshika mkono. Hapo ndipo diploma yangu ilipofanya kazi, na sitaificha: maji ya mvuke peke yake hayana kitu ndani kabisa, nayo yangewamaliza waliobaki kwa njia nyingine. Nikapiga hesabu kwenye kiganja kwa kalamu, sehemu nane za mvuke, mbili za bomba, nikapima uvuguvugu kwa kipimajoto, na tukaanza kumimina glasi moja, kusubiri robo saa, kutoa moja, kumimina nyingine. Siku mbili tulifanya hivyo, kwa zamu, watu wa boila wakikinga matone na kukosa chai yao bila kulalamika. Jumanne alasiri samaki mmoja alishuka chini akadokoa mchanga. Tamimu aliniangalia akasema taratibu, "Madamu Diploma," na kwa mara ya kwanza jina hilo halikuniudhi.

Walibaki sita, na tulihitaji kumi na mmoja. Tamimu alikuwa na binamu Andoany anayejua kuvua kwenye lile ziwa kwa kitambaa cha chandarua. Meli ilikuwa imetengenezwa, ingeondoka huko wiki ijayo. Akapeleka ujumbe kwa simu ya posta. Mesie alikuwa amebakiza siku kumi za likizo. Kila kitu kilitosha. Alhamisi, saa tatu asubuhi, Tamimu amesimama mbele ya tangi na glasi mkononi, mimi nikiandika kipimo, mlango ukafunguka akaingia Mesie kabla ya siku zake, vumbi la safari kwenye suruali. Hakusalimia. Aliinama mbele ya kioo akahesabu kwa kidole.

"Sita," akasema. Akahesabu tena. "Sita. Ni nani?"

Nilikiona kile kiti. Nilimwona yule kijana asiye na sura, na barua yake. Nikasema, "Nilimwachia Tamimu ufunguo, akaongeza maji ya bomba Jumapili. Mimi nilikuwa Katsepy."

Ilikuwa kweli kwamba nilikuwa Katsepy. Nilishangaa jinsi nusu ya kweli ilivyoupa nguvu uongo. Mesie akamgeukia Tamimu. Tamimu alinitazama, si kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha mtaa kuhakikisha amefika. Kisha akasema, "Ndiyo, Mesie. Ni mimi." Akaiweka glasi mezani polepole isimwagike, akavua koti la buluu, akalikunja, akaliweka kando ya glasi. Alikuwa nje ya lango kabla Mesie hajamaliza kupiga kelele.

Adhuhuri nilikwenda chumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwa Koko. Nilimkuta akila wali na samaki mkavu, kifurushi chake kimeshafungwa mlangoni. "Karibu chakula," akasema, kwa kuwa ndivyo mtu hufunzwa kwao. Nikasema kesho nitakwenda kwa Mesie nimwambie ukweli.

"Ukimwambia kesho tutafukuzwa wawili," akasema, "na yule wa kwao atakuja kukalia kile kiti. Mimi nilikuwa naosha chupa. Chupa za kuosha ziko hata Andoany."

Nikaanza kulia, nikamshukuru.

"Usinishukuru. Nimekasirika, dada, nimekasirika sana. Lakini nenda ukakae. Ukiinuka kwenye kile kiti nitakuwa nimefukuzwa bure." Akachambua mwiba wa samaki kutoka mdomoni, akautazama. "Ila ulisema haraka mno. Hata pumzi hukuvuta."

Wiki iliyofuata meli ilifika. Binamu yake, ambaye hakuwa na habari yoyote ya yaliyotokea, alituma chupa moja ya maji ya ziwa, na ndani yake samaki watano, wazima, wa manjano. Nilisimama bandarini na ile chupa kifuani, nikiwaona wakizunguka. Nikawazoesha maji kwa glasi, robo saa kwa robo saa, peke yangu. Mesie alipohesabu kumi na mmoja alinipa mkono, na Desemba nikakaa kwenye kile kiti. Siku ile Tsaramandroso ilipika. Majirani wa ng'ambo ya bati waliniimbia hadi sauti zikakauka, na Koko akapita nyumba kwa nyumba na sinia la mkate wa sinia, akisema, "Samaki wa kutazama tu, mmeona walichofanya?"

Kwa hiyo nilikaa. Kila nilipojisifu maishani, na nimejisifu sana, nilikuwa pia nalipa nilichoagizwa: sikuinuka. Kutoka kiti kile nilikwenda kingine kikubwa zaidi, na nilihakikisha hakuna mtu wa kuniinua. Nilijidanganya kwamba ndiyo haki yake. Yeye alifungua kibanda cha chai bandarini Andoany, ambako maji ya bomba hutoka ziwani, na mara mbili nilipopita hapo kwa kazi niliona jina lake kwenye ubao nikapita upande wa pili wa njia.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini, Mwanaesha, mjane wake, akatoka kutugawia chai. Aliponipa yangu niliitazama: nyekundu, safi, haina utando. Nikaiweka chini bila kuinywa. Nikasimama, nikavuta pumzi, nikasogea hadi kwenye pazia la maua, na nikasema kwa sauti ya kusikika ukumbini, "Mwanangu, uliuliza baba yako alimkosea nani. Mimi ndiye niliyemkosea. Alifukuzwa kazi kwa ajili ya samaki waliokufa kwa maji. Maji yale yalikuwa yangu. Nilisema ni yake."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akanong'ona kwa mwenzake, "Ndiye yule wa diploma." Nilikiona kivuli cha yule mtoto mkubwa kwenye kitambaa cha pazia, amejishika kiuno kama baba yake alivyokuwa akifanya mbele ya lile tangi.

"Mama," akasema, "hilo si letu kulisamehe. Mwenyewe tumemzika sasa hivi." Akaongeza, "Lakini tumelisikia."

Nikarudi kwenye mkeka. Hakuna aliyenisogelea, hakuna aliyeondoka karibu yangu. Mwanaesha aliinama, akakichukua kikombe changu kilichokuwa kimepoa, akakimwaga uani, akanimiminia kingine.